Vyuma Nilivyovikata

Katika jengo lile nilisoma miaka saba nikiwa mtoto, nikalifanyia kazi uzeeni, kisha nikaliangusha. Mwenye jengo alisema ni mvua. Mimi pia nilisema ni mvua, kwa wiki tano nzima, mbele ya watu walioniamini kwa sababu mimi ni fundi na mzee wa kanisa. Ninaandika haya nikiwa na akili zangu, na hakuna aliyenilazimisha.

Ni shule ya zamani mjini Kisii, kwenye mteremko wa kuelekea soko la Daraja Mbili. Ilijengwa kabla sijazaliwa, kwa matofali ya kuchoma, kuta nene kiasi kwamba mtoto aliweza kukaa dirishani na miguu yake isifike ukingoni. Madirisha yalikuwa marefu, yenye upinde juu, na vizingiti vyake vilikuwa vya jiwe la sabuni lililochongwa likawa laini. Baada ya vizazi kadhaa vya watoto kulikalia, jiwe lilikuwa limeingia ndani kama kiti cha kigoda. Mbele kulikuwa na baraza yenye nguzo nane. Paa lilikuwa la mabati mazito ya zamani, si haya ya leo yanayokunjika mkononi, nalo lilibebwa na mbao za mtarakwa ambazo hata mchwa walizikimbia.

Ndani, juu ya vichwa vyetu, kulipita vyuma vya mviringo, unene wa kidole gumba, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kila darasa lilikuwa na vyuma vitatu. Kwa nje ncha zake zilikazwa kwa visahani vya chuma vilivyobana ukuta. Tulipokuwa darasa la kwanza wakubwa walitudanganya kwamba ndiko wanakoning'inizwa watoro, na mimi nilikaa muhula mzima bila kukosa shule hata siku moja.

Mwalimu wetu wa useremala ndiye aliyetueleza ukweli. Alisimamisha wavulana wawili wakitazamana, akamkalisha wa tatu juu ya mabega yao, mguu mmoja kwa huyu, mguu wa pili kwa yule. Wale wawili wakaanza kusukumwa nyuma. "Sasa shikaneni mikono," akawaambia. Wakashikana, wakatulia. "Paa ni huyu mzito aliye juu. Ninyi ni kuta. Mikono ni vile vyuma." Tulicheka kwa sababu yule wa juu alikuwa na suruali iliyotoboka. Lakini mimi nilielewa, na sikusahau. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mji ulipokua shule ilihamishiwa kwenye uwanja mkubwa zaidi nje ya mji. Jengo likawa ghala la mahindi, kisha kanisa la watu waliokuwa wakigombana kila mwaka, kisha likakaa tupu na popo. Mwishowe likanunuliwa na mfanyabiashara wa mitumba pale sokoni, naye akaniita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne zamani, nikajifunza uashi na useremala, nikajenga nusu ya maduka ya Nyamira. Nyumbani kwangu ni upande wa Sironga. Alitaka nigawe madarasa yawe vyumba vya kupangisha, na kwa kuwa kuta zilikuwa ndefu, niweke sakafu ya mbao katikati ili pawe na vyumba chini na vyumba juu.

Tulipoweka mihimili ya ile sakafu, vyuma vikatokea kifuani mwa mtu aliyesimama juu. Mwenye jengo alipanda ngazi, akajaribu kupita, akagonga kifua.

"Fundi, mpangaji wangu atapita hapa akiinama kama ndama?"

"Ndivyo vilivyo, bosi."

"Haviwezi kuondoka?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Ni neno jepesi kulisema. Badala yake nikatazama juu, nikafanya uso wa mtu anayepiga hesabu, nikasema, "Vinaweza kukatwa, ila itabidi mihimili ifungwe kwenye kuta kwa bolti ndefu, ili ishike kazi ya vyuma."

"Hizo bolti zipo mjini?"

"Ni za kuchongesha."

"Basi zije baadaye. Kata kwanza, watu wanangoja vyumba."

Nilivikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, kwa sababu vijana wangu walikuwa wakikwaruza ukuta. Cha mwisho kilipokatika kilitoa mlio, na ncha zake mbili zikaachana upana wa ukucha. Nikaona. Nikapaka ukuta lipu. Bolti hazikuja, nami sikuziulizia tena, maana mwenye jengo alinipa kazi ya kuwa msimamizi wa wapangaji, na mtu wa umri wangu hapati kazi ya kukaa kivulini kila siku.

Mwaka wa pili mwanangu wa mwisho akaoa. Alikuwa fundi cherehani pale Daraja Mbili, akipunguza makoti ya mitumba na kushona sare za shule, na alitaka chumba cha karibu na kazi. Nilimtafutia mimi. Nikampa kile cha juu, cha pembeni, chenye dirisha la upinde, nikijisifu kwamba hakuna mwingine mjini anayelala chini ya mbao za mtarakwa.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasio wa kwetu. Sisi Wakisii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hukohoa uani, huletewa kiti na chai, na maneno huishia hapo. Kitanda cha mwanawe hakioni. Mkaza mwana hamgusi, na yeye akikutana nawe njiani hupisha na kutazama chini. Mila hii tunaiita chinsoni, nayo ni heshima na haya kwa pamoja. Kijijini haina taabu, kwa kuwa uani pana nafasi. Lakini mjini nyumba ni chumba kimoja. Ukivuka kizingiti umesimama kitandani. Kwa hiyo jengo zima nililizunguka kila siku, funguo zote zikiwa mfukoni mwangu, isipokuwa chumba kile kimoja.

Mkaza mwana wangu alikuwa binti wa wakulima wa chai kule Kenyenya. Mpole, mwenye kicheko cha chinichini. Alipopata mimba mke wangu alianza kwenda kumtazama kila Jumapili, na ni yeye aliyerudi na habari.

"Kuna ufa kwenye ukuta wa dirisha," aliniambia tukiwa jikoni. "Mwanao ameuziba kwa gazeti."

"Ni lipu inakauka."

Baada ya mwezi akarudi tena. "Gazeti lilianguka lenyewe. Sasa ameziba kwa kitambaa."

Nikaendelea kumenya ndizi.

Mara ya tatu hakukaa hata chini. "Ameziba kwa mkono wa sweta. Mkono mzima, mzee! Na asubuhi anafagia vumbi la matofali kitandani. Wewe ni fundi. Nenda kaangalie."

"Niingie kwa mke wa mwanangu?"

"Watoke nje wote wawili, watoe kitanda, uingie."

"Mila haiangalii kitanda kimetolewa wapi."

Mke wangu akanigeukia. "Juzi wazee walipokuita kwenye tambiko ulikataa, ukasema wewe ni mzee wa kanisa, umeokoka na mambo hayo. Leo mila umeitoa wapi? Umeiazima kwa nani?"

"Usinidharau."

"Sikudharau. Nakuuliza. Kama huwezi kuingia, tuma fundi mwingine."

Alikuwa amegusa penyewe. Fundi mwingine angeinua macho mara moja tu, akaona ncha za vyuma zilizokatwa zikichungulia kwenye lipu, akauliza ni mjinga gani aliyefanya hivi. Mila ilinipa mahali pa kujificha, nami nikajificha humo huku nikijiita mtu wa heshima.

Kesho yake nilipima ukuta kwa nje. Nilining'iniza timazi, ile kamba yenye uzito nchani, kutoka ukingo wa paa, nikashuka kuitazama. Ukuta ulikuwa umeinama nje vidole vinne. Nilikunja kamba haraka kama mwizi. Kisahani kimoja cha chuma kilikuwa kimelegea, nikakizungusha kwa mkono kama kifuniko cha chupa.

Jioni ile nilimngoja mwanangu langoni. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Alikuja amebeba nguo begani, sindano zimechomwa kwenye kola.

"Tafuteni chumba kingine," nikamwambia.

Akacheka. "Tata," akaniita, kama tunavyowaita baba zetu, "mwenye nyumba amekutuma utufukuze?"

"Hapana. Ni ngazi. Mkeo ana mzigo, ngazi ni kali."

"Anaipanda vizuri kuliko mimi. Na chumba kile ulikitafuta wewe mwenyewe. Si ulisema nitalala kama gavana?"

"Nilisema. Lakini ngazi..."

"Akijifungua tutahamia chini. Kuna anayehama mwezi wa nane." Alinigusa bega, jambo ambalo si kawaida yetu. "Usihangaike, mzee. Umeanza kuwa kama nyanya."

Akapanda, nami nikasimama pale nikisikia hatua zake juu ya mihimili yangu. Maneno yalikuwa mawili tu, nilikata vyuma. Nilikuwa na wiki mbili zaidi za kuyasema, na kila siku katika hizo nilimwona akitoka na kurudi. Sikuyasema.

Wiki ya pili mvua ilinyesha mfululizo, kisha siku moja jua likatoka vizuri, watu wakaanika nguo. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa uani nikibadilisha mpira wa bomba. Sikusikia kishindo. Nilisikia kama mtu anayemwaga magunia ya maharagwe, moja baada ya jingine, bila kukoma. Nilipogeuka, ukuta wa pembeni haukuwepo. Ulikuwa umelala nje, juu ya kamba za nguo, na vumbi jekundu likipanda.

Wengi walikuwa makazini. Mwanangu alikuwa sokoni. Ile sakafu ya mbao, upande wake mmoja ulikuwa umeanguka chini pamoja na ukuta, na chumba kizima kimekuwa kama paa la nyumba, kikimwaga vitu. Niliona sufuria. Niliona kitanda cha mwanangu kimelala ubavu, blanketi nje, na nikageuza macho. Kisha nikamwona mkewe. Alikuwa amebanwa kiunoni na mihimili miwili, hatua kumi hivi kutoka pale niliposimama, akiwa macho. Aliponiona alivuta leso kwa mkono mmoja akafunika uso.

Nami nikasimama.

Nataka niseme nilisimama kidogo tu. Sijui ilikuwa muda gani. Nilikuwa nimefika ulipokuwa ukuta, mguu mmoja juu ya matofali, natazama chini kwa adabu, kama niliyefika kumsalimia mgeni.

Mama mmoja anayeuza mandazi langoni alikuja mbio. "Mzee, unangoja nini? Unangoja barua ya mwaliko?"

"Ni mkaza mwana wangu."

"Basi endelea kusimama, atakuwa maiti ya mkaza mwana wako!" Akaitupa sinia yake, akapanda kifusi kwa magoti. Ndipo nami nikapanda.

Niliinua mhimili wa kwanza. Ncha yake ilikuwa safi, haina hata tundu la bolti, kama nilivyouacha. Niliinua wa pili. Nikamshika kwapani, yule mama akamshika miguu, tukamtoa. Uso wake ulikuwa bado ndani ya leso, na humo ndani alikuwa akisema neno moja, "Samahani, tata. Samahani, tata." Aliniomba radhi kwa kuwa nilimwona, na kwa kuwa nilimgusa.

Mtoto alizaliwa siku ileile, mimba ikiwa ya miezi saba, mvulana. Hakulia. Wanawake walimzika nyumbani Sironga, nyuma ya kibanda alicholala mwanangu kabla hajaoa, bila mkutano. Mama yake alivunjika nyonga, akalala hospitalini mwezi mzima, kisha watu wake wakaja kumchukua kumuuguza Kenyenya. Mwanangu akaenda naye.

Watu wa ofisi ya ujenzi walipokuja kuuliza, mwenye jengo aliwaambia ni mvua, kisha akanigeukia. "Si ndivyo, fundi?" Nikasema ndivyo. Waliandika, wakaenda. Upande wa pili wa jengo wapangaji walibaki wakilala chini ya vyuma vingine nilivyovikata kwa mkono uleule.

Nyumbani wazee wawili wa ukoo walinijia kwa habari nyingine. Niliingia nyumba ya mwanangu, nilimshika mkewe. Jambo hilo lina utaratibu wake wa kutakaswa. Mchungaji akasema huo ni upagani, mtu aliokoa roho. Walibishana kivulini mwa nyumba yangu mpaka chai ikapoa mara mbili. Mimi nilitoa mbuzi, kisha nikaombewa. Hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza kwa nini sikuingia mapema, na mimi sikuwakumbusha.

Wiki ya tano tulikwenda Kenyenya kumwomba mkaza mwana arudi. Tulikuwa wanne, na msemaji wetu alikuwa binamu yangu, mtu wa maneno matamu. Tulikaribishwa sebuleni. Baba wa msichana, mzee mwenye mikono iliyopasuka ya kuchuma chai, alikaa mbele yetu. Mwanangu alikaa karibu na mlango, upande wao, si upande wetu. Nililiona hilo nilipoketi.

"Mkwe," binamu yangu alianza, "mvua haina adabu. Haibishi hodi, haiulizi ni nyumba ya nani. Sisi tumekuja na machozi yenu na yetu..."

Yule mzee alikuwa akitikisa kichwa polepole, akikubali. Alikuwa tayari kuturudishia binti yake. Ningenyamaza, angerudi, nami ningekuwa na wajukuu wanaocheza uani kwangu huku mama yao akiniomba samahani kila anaponipisha njiani.

"Si mvua," nikasema.

Binamu yangu alinishika goti. Nikautoa mkono wake.

"Jengo lilikuwa na vyuma vya kushika kuta. Nilivikata mimi. Nilijua kazi yake, nilifundishwa nikiwa mtoto. Nilivikata na sikuweka kitu badala yake."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Pazia la chumba cha ndani likasogea, akatoka mkaza mwana wangu na gongo lake. Akasimama. Tangu aolewe hakuwahi kunitazama usoni. Siku hiyo alinitazama.

"Ulivikata lini?"

"Kabla hujaolewa."

"Na nilipomwambia mama habari za ufa?"

"Aliniambia. Nilipima kwa nje. Ukuta ulikuwa umetoka vidole vinne."

"Kwa hiyo ulijua tumelala ndani yake."

"Nilijua."

Akahamishia gongo mkono wa pili. "Siku ile uliposimama pale," akasema, "nilidhani ni kosa langu. Nilidhani ningejifunika vizuri ungekuja."

Mwanangu akasema bila kupaza sauti. "Uliniambia ni ngazi."

"Nilishindwa."

"Langoni. Uliniambia ni ngazi, nami nikacheka."

Chakula kililetwa, maana mgeni hafukuzwi akiwa na njaa. Matoke, kuku, mboga ya kienyeji. Baba wa msichana akasema tule. Wenzangu walikula kidogo kwa adabu. Tulipoinuka, mwanangu hakuinuka. Kwetu mwanamume hakai kwa wakwe zake. Ni aibu ambayo watu huitungia nyimbo. Alijua hivyo kuliko mimi, na bado hakuinuka.

Kesho yake nilirudi mjini, nikaenda ofisi ya ujenzi, nikawaambia nilichokuwa nimekificha. Walipiga alama nyekundu ya X kwenye nguzo zote nane za baraza na kuwapa wapangaji siku tatu. Wapangaji walinitukana wakishusha magodoro. Kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza kama nitawapa mahali pa kulala nyumbani kwangu. Mwenye jengo hanisalimu. Sasa anataka kulibomoa lote ajenge ghorofa za mawe, na husema hadharani kwamba alidanganywa na fundi. Sehemu hiyo ni kweli nusu, nami simbishii. Matofali ya zamani yanauzwa kwa mikokoteni. Vile vizingiti vya jiwe la sabuni vimeondoka tayari. Sijui viko kwa nani.

Mkaza mwana wangu anatembea bila gongo, akichechemea. Hivyo nimeambiwa. Wamepanga sokoni Kenyenya, mwanangu anashona hukohuko. Mke wangu huwaendea kila mwezi na mkungu wa ndizi. Mwezi uliopita aliporudi nilimuuliza nyumba wanayokaa ina kuta za namna gani, na kama paa lake limefungwa.

Alivua viatu vyake vya safari, akavipanga mlangoni, akasema ameombwa asiniambie.